Gramu Mia Nne Mfukoni: Ushauri kwa Anayetaka Revolva Ndogo Ukambani

Maembe yakiiva Makueni na ndengu zikianza kupimwa Kitui, noti hutembea. Broka anatoka Wote na kibunda kiunoni. Mnunuzi wa ng'ombe anaingia Emali kabla jua halijachomoza. Mama mwenye duka la jumla Mwingi anafunga hesabu saa mbili usiku huku mlinzi wake, mzee mwenye rungu na tochi, akisinzia barazani. Hawa ndio huuliza kuhusu bastola, na karibu wote huuliza kuhusu ileile: revolva ndogo, nyepesi, ya risasi ndogo, isiyotuna mfukoni, inayoweza kubebwa kutwa nzima kwenye joto la Kibwezi bila kumchosha mtu.

Nitoe msimamo wangu mapema. Revolva ya aina hiyo ni rahisi kubeba na ngumu kutumia, na nyingi ya hatari zinazowanyima usingizi watu wa Kitui na Makueni haiziwezi. Wapo wachache inaowafaa. Soma upime kama u miongoni mwao.

Kwanza, angalia unamwuliza nani. Muuzaji ataisifu, hiyo ni kazi yake. Mhubiri ataikemea, na hiyo nayo ni kazi yake. Anayepotosha zaidi, tena kwa nia njema, ni jirani aliyestaafu jeshini, na Ukambani majirani wa namna hii si haba, kwa maana tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni, Wakamba wameandikishwa kwa wingi. Mzee huyu anaikumbuka bunduki ya G3 aliyoizoea, kisha anakwambia kibastola ni mchezo, utakimudu kwa siku moja. Lakini bunduki ndefu ina kitako kinachotulia begani, ina mahali pa mikono yote miwili, na mtutu wake mrefu husaidia jicho. Kirevolva hakina lolote kati ya hayo. Aliyeimudu G3 anaweza kabisa kukosa gunia la mahindi hatua kumi kwa revolva ya mfukoni, na wengi wao hukosa.

Tuichukue silaha yenyewe. Revolva ya chuma waliyobeba polisi wengi duniani karne iliyopita, kama Model 10 ya Smith & Wesson, ilikaribia kilo nzima. Hizi nyepesi za leo zina fremu ya alumini au plastiki ngumu na uzito wa gramu 400 hivi. Model 642 ya kampuni hiyohiyo iko hapo, na Ruger LCR iliyotoka mwaka 2009 iko hapo pia. Za risasi ndogo ya .22 zipo ambazo hazifiki gramu 350. Mfuko unafurahi. Tatizo ni mkono, kwa sababu nguvu inayoisukuma risasi mbele huirudisha bastola nyuma kwa kiasi kilekile. Bastola nzito humeza sehemu kubwa ya teke hilo. Nyepesi hulipitisha lote kwenye kiganja. Mtu akifyatua risasi tano za .38 kwa revolva ya gramu 400, mara nyingi haombi tano nyingine, na silaha inayomuumiza mwenyewe haifanyiwi mazoezi. Inawekwa kabatini, inasubiri siku ya balaa, na siku hiyo ikifika mkono hauijui.

Hapo ndipo mtu hushauriwa achukue ya .22, kwamba haina teke. Ni kweli haina. Risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati ile ya kawaida ya .38 hufika gramu 10. Bei yake huwa nafuu, silinda yake huweza kubeba risasi 8 badala ya 5, na hata mtu mwenye baridi yabisi viganjani hataumia kifundo. Hizo ni sifa za kweli, wala sizipuuzi. Risasi ndogo inayompata mtu ina maana kuliko kubwa inayopasua hewa.

Ila kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wameshalipa. Risasi ya .38 ina fataki yake katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina, baruti ya kuwashia imefichwa kwenye ukingo wa ganda kuzunguka. Nyundo lazima ibonyeze ukingo huo kwa nguvu, kwa hiyo watengenezaji huweka springi kali, na triga ya kirevolva cha .22 mara nyingi huwa nzito kuliko ya .38 ya umbo lilelile. Tunazungumzia kilo 5, hata 6 na zaidi, za kuvutwa kwa kidole kimoja. Unavuta uzito mara kumi na kitu wa chombo ulichoshika, na chombo hicho hakitakiwi kuyumba hata kidogo. Yule mwenye baridi yabisi tuliyemwepusha na teke amekutana na triga, na triga ndiyo itakayomshinda. Akinamama kadhaa huambiwa .22 ndiyo bastola ya wanawake. Ningewaomba kwanza waivute ikiwa tupu, mara kumi mfululizo, kabla hawajakubali.

Tena ukingo huo wa ganda haukubali kuwaka kila mara. Risasi za .22 hugoma zaidi kuliko zenye fataki ya katikati. Revolva ina dawa yake hapa: ikigoma moja, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Ndiyo sababu nikilazimishwa kuchagua kati ya .22 ya silinda na .22 ya magazini, nachukua ya silinda bila kufikiri mara mbili.

Mtutu nao ni wa inchi mbili tu, yaani sentimita 5 hivi. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ni mfupi mno, kwa hiyo kosa dogo la mkono huwa kubwa pale risasi inapofikia. Mzoefu huipiga vizuri. Asiye mzoefu, gizani, pumzi juu, humkosa mtu mzima hatua saba. Risasi iliyokosa nayo haianguki palepale. Hata hii ndogo ya .22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Iwaze ikitoka katikati ya mnada wa Emali, au ikipenya mabati ya chumba ambamo watoto wa jirani wamelala.

India wamelipitia jambo hili la kuuza revolva nyepesi kama kinga. Baada ya mkasa wa Delhi wa Desemba 2012, ambapo mwanafunzi wa kike alibakwa na genge ndani ya basi na baadaye akafariki, kiwanda cha serikali cha Kanpur kilitoa mwaka 2014 revolva nyepesi iliyoitwa Nirbheek, ya .32, uzito gramu 500, ikitangazwa kuwa kinga ya wanawake. Bei yake ilizidi rupia laki moja. Wanaharakati wa huko waliuliza swali ambalo ningeliuliza hata Kitui: mwanamke wa kawaida anayepanda basi usiku angeipata wapi fedha hiyo, na leseni, na nafasi ya kuichomoa akiwa amezingirwa na watu sita? Bidhaa ilikuwa halisi, hofu ilikuwa halisi. Kilichokosekana ni daraja kati ya viwili hivyo.

Sasa, wewe unaogopa nini hasa? Swali hili linafaa kujibiwa kwa jina la mahali na saa.

Ikiwa shamba lako liko Mtito Andei, Kibwezi au kusini mwa Kitui, pengine unaogopa ndovu wanaovuka kutoka Tsavo au Chyulu. Kirevolva kwa ndovu ni uchokozi. Hata .38 haitamzuia, itamtibua, naye atakufuata wewe. Zaidi ya hayo, uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kumpiga mnyamapori risasi kunakuingiza mikononi mwa Shirika la Wanyamapori (KWS) kama mtuhumiwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa anayepata ulemavu wa kudumu. Fidia hizo hukawia, kila mtu wa Mtito anajua, lakini huanza na ripoti iliyoandikwa mapema, na ripoti hiyo haihitaji bastola. Ningekushauri uangalie uzio wa mizinga ya nyuki kama ule uliojaribiwa Sagalla, Taita Taveta: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, ndovu akiugusa nyuki wanatoka, naye anaondoka. Kwa watu ambao asali ya Mwingi na Kibwezi imewapa jina, sioni kwa nini hili halijasambaa zaidi.

Nyoka? Zipo risasi za .22 zilizojazwa chembe ndogondogo za risasi badala ya kipande kimoja, na huua nyoka wa karibu. Lakini kumiliki bastola kwa ajili ya nyoka ni kuchimba bwawa ili unawe mikono. Buti ndefu, tochi, na ua uliofyekwa vitakuokoa mara nyingi zaidi. Nyani kwenye mahindi, jibu ni hilohilo la ndovu: mnyamapori si wako kumpiga.

Ukiwa upande wa kaskazini au mashariki mwa Kitui, Tseikuru, Ngomeni, Endau au Mutha, hofu yako ina uzito mwingine. Huko mivutano ya malisho na maji kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia imegharimu maisha, na milio inayosikika ni ya bunduki za kivita. Mtu mwenye revolva ya risasi tano za mfukoni mbele ya AK-47 amejiongezea sababu ya kulengwa, basi. Kinachosaidia huko ni polisi wa akiba waliofunzwa na wanaojulikana kituoni, simu ya chifu inayopokelewa, na wazee wa pande zote mbili kukaa kabla kiangazi hakijafika kisimani. Nasema hivi nikijua kwamba simu hiyo wakati mwingine haipokelewi. Hata hivyo kibastola chako hakitaziba pengo hilo.

Anabaki mwizi wa kawaida: vijana wawili kwenye bodaboda, panga chini ya koti, jioni, barabara ya murram kutoka sokoni. Huyu ndiye ambaye bastola ndogo ingeweza kumkabili, kwa nadharia. Kwa vitendo, yeye ndiye anayechagua wakati. Anakufikia ukiwa unafungua lango au unahesabu magunia. Kuingiza mkono mfukoni, kushika mpini bila kunasa kitambaa, kutoa, kulenga na kuvuta triga ya kilo 5 kunachukua muda ambao mtu mwenye panga aliye hatua tatu anautumia kukufikia. Na majambazi wakijua una bastola, bastola yenyewe inakuwa mali ya kuibwa. Maafisa wa polisi wameshambuliwa nchini humu kwa sababu ya bunduki zao. Raia mmoja peke yake ni windo rahisi zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia gharama ya silaha, ondoa kwanza kinachomvuta mwizi. Kikomo cha M-Pesa kwa siku kilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 500,000. Fedha hiyo inanunua ng'ombe kadhaa pale Emali bila noti moja kutoka mfukoni. Kinachozidi, benki. Mnunuzi wa maembe anaweza kukubaliana na wakulima walipwe kupitia chama chao au Sacco badala ya kugawa noti shambani chini ya mti, huku kila mpita njia akihesabu pamoja naye. Badilisha njia na saa. Usitangaze siku ya malipo. Dukani, weka sefu iliyopigwa bolti sakafuni, taa ya sola upande wa nyuma, na umwajiri mlinzi wa pili amwamshe wa kwanza. Haya hayana mvuto wa bastola, najua. Hakuna anayeyasimulia kwenye baraza ya pombe. Kwa mfanyabiashara wa Wote au Mwingi, ndiyo yatakayopunguza hatari kwa kiasi kikubwa kuliko silaha yoyote ya mfukoni.

Kuna atakayenijibu kwamba ameyafanya yote, ametishwa kwa jina, ameripoti kituoni na ana namba ya ripoti, na bado anataka. Vyema. Huyo anayo sababu inayoweza kuelezwa, na sababu ndiyo jambo la kwanza utakaloulizwa.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kumiliki silaha. Inampa nafasi ya kuomba. Ni kosa kununua au kuwa na bastola au hata risasi bila cheti, na adhabu yake huhesabiwa kwa miaka, si miezi. Historia ina mfano mchungu: shtaka lililompeleka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kitanzini Februari 1957 lilihusu revolva ya .38 na risasi 6. Ile ilikuwa sheria ya hali ya hatari ya mkoloni, na hukumu ya kifo kwa kosa hilo haipo tena, lakini udogo wa silaha haukuwa utetezi wakati ule na si utetezi leo. Kwa hiyo yule kijana anayekunong'oneza kwamba anaweza kukuletea "mguu wa kuku" kutoka mjini kwa nusu ya bei, mkimbie. Hujui imeua nani, na siku ikikamatwa nawe utaanza kueleza.

Anayeamua ni Bodi ya Leseni za Bunduki, Nairobi. Maombi huambatana na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa makachero wa DCI, na utapigwa msasa na maafisa wa usalama wa eneo lako, kwa sababu wao ndio wanaokujua: una kesi, unapiga watu, unalewa, una ugomvi wa shamba na ndugu zako? Hili la mwisho lina uzito Ukambani, ambako kesi za mipaka ya mashamba hudumu kizazi kizima. Mtu anayegombania mpaka na kaka yake ningemwomba asubiri kesi iishe kabla ya kuomba bastola, hata kama Bodi ingempa.

Usidhani ukishapata umemaliza. Cheti kinataja silaha gani na risasi ngapi unazoruhusiwa kuwa nazo, kinahitaji kuhuishwa, na kinaweza kufutwa. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya. Kufikia katikati ya 2019 serikali ilisema kwamba kati ya watu 13,805 walioandikishwa, zaidi ya 4,000 hawakuwa wamejitokeza. Kijitabu cha zamani kikapisha kadi ya kielektroniki. Tazama namba hiyo pia kwa jicho lingine: katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 47, wenye leseni hawakufika 14,000. Ukijiunga nao, polisi watakufahamu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Cheti ni chako peke yako. Mkeo akiibeba kwenye mkoba wake kukupelekea dukani, anamiliki silaha bila cheti. Kijana wako aliyetumwa kuichukua kwenye gari, hali kadhalika. Kuwa mlevi ukiwa nayo ni kosa la jinai. Benki nyingi hazikuruhusu kuingia nayo, kwa hiyo ile siku unayobeba fedha nyingi zaidi ndiyo siku utakayolazimika kufikiria utaiacha wapi, na kuiacha kwenye gari ni kumkabidhi mwizi.

Kuhusu kufyatua, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinarudisha suala la kujilinda kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya sokoni: nguvu uliyotumia lazima iwe ilihitajika wakati huo, na ilingane na hatari iliyokuwapo. Mtu aliyeinua panga juu yako ni suala moja. Mtu anayekimbia na mfuko wako, amekupa mgongo, ni suala jingine kabisa, na ukimwua utakuwa unamweleza jaji wa Mahakama Kuu ya Kitui au Makueni kwa nini shilingi elfu themanini zilikuwa na thamani ya maisha yake. Hata ukiachiliwa, miaka ya kesi hairudi. Ng'ombe utakuwa umewauza kulipa wakili.

Nyumbani ndiko ninakokuhofia zaidi, kuliko barabarani. Watu hufikiria jambazi, wasahau kwamba bastola italala nyumba moja na hasira, madeni, watoto na huzuni kwa siku zote ambazo jambazi hatakuja. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanaume waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano wa karibu mara nane zaidi wa kujiua kwa risasi kuliko wasiomiliki. Kenya si California. Lakini mkulima aliyepoteza mifugo yote kwa ukame, au mfanyabiashara aliyezungukwa na wadai, si mgeni kwetu, na silaha iliyo karibu haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo asubuhi. Ikiwa wewe au mtu wa nyumba yako amewahi kupita kwenye giza la namna hiyo, usinunue. Hapa sina "labda".

Kwa watoto, juu ya kabati si maficho. Mtoto wa miaka sita anajua juu ya kabati kuna nini tangu alipoanza kupanda viti. Unahitaji kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni, ufunguo ukiwa kwako, na risasi kwenye kufuli tofauti. Ile triga nzito niliyoilalamikia inampa mtoto mdogo ugumu kidogo, lakini usiitegemee: mtoto hutumia vidole gumba viwili, na mtutu ukiwa umemwelekea yeye.

Umefika hapa na bado unataka? Basi usinunue ile nyepesi kuliko zote. Chagua yenye gramu 550 hadi 700, fremu ya chuma, mpini unaojaza kiganja hadi kidole kidogo. Tofauti ya gramu 200 utaisahau kiunoni ukishavaa mkanda imara, na mkono wako utaishukuru kila ukilenga. Kwa mtu mwenye viganja vyenye afya, .38 yenye risasi za nguvu ya wastani inashinda .22. Ukiwa na uwezo wa kupata .32, usiidharau; iko katikati, fataki yake ni ya katikati ya ganda, na silinda ndogo huweza kubeba 6. Chukua .22 ikiwa teke limekushinda kweli, si kwa kubahatisha, na triga yake umeijaribu ukaiweza.

Revolva za mfukoni zenye nyundo iliyofichwa ndani ni bora kuliko zenye nyundo ya nje, ambayo hunasa kitambaa. Ukiuziwa ya zamani, zile za Kiingereza au Kimarekani za miaka ya kabla ya vita, uliza kama ina kizuizi cha ndani kinachotenga nyundo na risasi. Kama haina, ikianguka inaweza kufyatuka. Chumba kilicho chini ya nyundo huachwa kitupu, na sasa una risasi nne. Usibebe bastola mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Iwe kwenye ala yake inayoifunika triga kabisa, mfuko huo usiwe na kitu kingine.

Vumbi la Kitui lina hila yake. Watu husema revolva haikwami, lakini inakwama. Chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje, chembe chache za mchanga au baruti isiyoungua zinatosha kuifanya silinda isizunguke. Isugue kwa mswaki mkavu kila wiki, hata kama hujafyatua. Mafuta, tone dogo tu. Mafuta yakizidi huingia kwenye risasi na kuziharibu. Kwa revolva nyepesi mno za .38 kuna kingine: teke lenyewe linaweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki kutoka kwenye maganda, vikajitokeza mbele ya silinda na kuifunga. Fyatua nne kwa risasi za aina utakayobeba, kisha ipime ya tano kwa jicho. Imesogea? Badilisha aina. Jasho la Makindu nalo huingia kila mahali, kwa hiyo risasi zinazokaa mwilini zibadilishwe mara kwa mara, na zile za zamani zitumike uwanjani.

Uwanjani, ndiyo. Viwanja vingi vya raia kulenga shabaha viko upande wa Nairobi na Kiambu, kama kile cha Kirigiti, kwa hiyo hesabu nauli na siku nzima kila mara. Mtu wa Mutomo asiyeweza kwenda huko hata mara moja kwa miezi mitatu hana sababu ya kuwa na bastola, kwa maoni yangu, hata akiwa na fedha za kununua tatu. Nenda kabla hujalipa senti. Omba mwalimu akupe ya .22 na ya .38 za uzito tofauti, fyatua polepole kwa kila moja, kisha kwa haraka, kisha kwa mkono mmoja, maana huo mwingine siku hiyo utakuwa umemshika mtoto au umejikinga. Halafu tazama karatasi. Kama matundu yametapakaa kama mtama uliomwagika, tayari una jibu. Mazoezi ya kuvuta triga bila risasi nyumbani husaidia sana kwa .38, lakini revolva nyingi za .22 hazifai kuvutwa tupu, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Soma kitabu chake kwanza.

Mwisho, kaa na mwenzi wako mweleze iko wapi, ufunguo uko wapi, na afanye nini ukifariki au ukilazwa muda mrefu. Bastola haigawanywi kama mbuzi. Siku mwenyewe hayupo, aliye nayo hana cheti, na hatua ya haki ni kumwita mkuu wa kituo cha polisi (OCS) cha karibu aje aichukue pamoja na risasi zote, familia ipewe karatasi ya kuonyesha imeikabidhi. Anayetaka kuirithi ataanza maombi yake mwenyewe kutoka mwanzo. Andika hayo kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati ya shamba.